Kabla ya lango jipya, turudishe meza ya kulia chuoni

Majuma machache yaliyopita nilialikwa kwenye karamu ya wahitimu wa chuo kikuu kimoja cha umma humu nchini. Karamu ilifanyika katika hoteli ya fahari jijini Nairobi. Chuo chenyewe sitakitaja, kwani ndicho kilichonilea na kunipa shahada yangu ya kwanza, na mtoto hamwaibishi mamaye hadharani hata anapokuwa na la kumlalamikia. Madhumuni ya mkutano yalikuwa kuchanga fedha za kujenga lango jipya. Mchoro wake ulimulikwa ukutani, nasi tukauona: nguzo nne za mawe, nembo ya chuo iliyopakwa rangi ya dhahabu, na kibao cha shaba ambapo majina ya watakaotoa kiasi kikubwa yataandikwa. Kila mgeni alikabidhiwa fomu ya ahadi na kalamu.

Sina ugomvi na lango. Lililonishangaza ni mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea mezani wakati hotuba zikitolewa. Kwa muda wa saa tatu sikumsikia mtu hata mmoja akikumbuka mhadhara. Nakiri kwamba jambo hili lilinichoma kidogo, maadamu kutoa mihadhara ndiyo riziki yangu. Hakuna aliyetaja maktaba wala maabara. Kila mmoja alizungumza juu ya chakula: maharagwe yaliyokuwa na maji mengi kuliko maharagwe, ugali uliokatwa kwa mraba kama tofali, foleni iliyofika hadi nje siku ya chapati, na mama mmoja mpishi ambaye ukimwamkia vizuri alikuongezea mchuzi bila kukutazama usoni. Watu wazima, mameneja na mahakimu, walicheka hadi machozi yakawatoka kwa sababu ya sukumawiki iliyopikwa zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Kando yangu aliketi mzee mmoja aliyekuwa ameandamana na bintiye, tuliyesoma naye. Mzee huyo alisomea Chuo Kikuu cha Nairobi, alikoingia mwaka 1971, mwaka mmoja tu baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuvunjwa na Nairobi, Makerere na Dar es Salaam kujitegemea. Alinisikiliza nikisimulia ya kwetu, kisha akatabasamu na kuniambia, "Daktari, nyinyi mlikula peke yenu. Sisi tulilishwa."

Nikamwomba anisimulie, naye akaanza. Mlo ulikuwa mara tatu kwa siku, kwa saa maalumu. Asubuhi walipata uji au mayai, mkate na chai ya maziwa. Mchana na jioni walikula nyama, na mara nyingine tunda baada ya chakula. Shuka zao zilifuliwa. Juu ya hayo yote, walipewa posho, ile ambayo wanafunzi wa Kenya na Tanzania walikuja kuiita bumu, na wapo waliotuma sehemu yake nyumbani kuwalipia wadogo zao karo. Nilidhani ataishia hapo, katika utamu wa vyakula, kama wafanyavyo wazee wengi wa rika lake wanapotaka kutuonyesha kwamba sisi tulizaliwa mchana wa jua kali. Hakuishia hapo.

Alinieleza jinsi walivyoketi. Hukuchagua meza. Ulikaa palipokuwa na nafasi, pamoja na aliyekutangulia kwenye foleni na aliyekufuata, na foleni haikujua kabila wala kitivo. Katika muhula wake wa kwanza alijikuta mara kwa mara akiketi na kijana kutoka Siyu, kisiwani Pate, aliyekuwa akisomea uhandisi. Siku moja mzee, ambaye ni mtu wa bara na Kiswahili chake kilikuwa cha kituo cha matatu, alinyoosha mkono na kusema, "Leta chumvi." Yule wa Siyu akaishika chumvi pale pale na kumjibu kwa upole, "Ndugu yangu, chumvi haiji kwa kuamrishwa." Tangu siku hiyo, akaniambia mzee, alijifunza kusema "naomba", na hadi leo wajukuu wake wakisema "leta" hawapewi kitu.

Mimi ni mwanaisimu, na watu wa kazi yangu wana ugonjwa wa kusikiliza maneno badala ya habari. Nikitafakari usiku ule niligundua jambo ambalo huenda wenzangu hawakulitambua. Mzee alipokuwa akisimulia, karibu kila kitenzi chake kilianza na *tu-*: tulikula, tuliketi, tulibishana, tuligoma, tulifukuzwa. Sisi wa miaka ya baada ya 2000, tulipopokezana masimulizi ya chakula, tulitumia *ni-*: nilinunua, nilipika, nililala njaa, nilikopa. Sarufi haidanganyi kwa urahisi. Mtu anaweza kuchagua habari ya kusimulia, lakini kiambishi cha nafsi humtoka bila kukipima. Baina ya *tu-* ya mzee na *ni-* yetu pana historia nzima ya elimu ya juu katika nchi hii, na yafaa tuitazame kabla hatujachangia nguzo za mawe.

Historia yenyewe si ndefu. Mwaka 1990 vyuo vikuu vya umma vilipokea makundi mawili kwa mpigo: wa mwisho waliomaliza kidato cha sita na wa kwanza waliomaliza mfumo wa 8-4-4. Vitanda havikutosha, viti havikutosha, na sufuria hazikutosha. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikitekeleza masharti ya kurekebisha uchumi yaliyotoka Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja ya masharti hayo lilikuwa mwananchi kugawana gharama na serikali yake. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 bumu ikaondolewa, na bwalo likaingia mtindo mpya: lipa kadiri ulavyo. Mtindo huo ulijulikana kwa herufi zake za Kiingereza, PAYE, herufi zile zile zinazotumiwa kwa kodi ya mshahara. Basi mwanafunzi wa Kenya akawa anajua PAYE kabla hajaajiriwa. Mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia karo yote, na vyuo vingine vikafuata.

Sisemi kwamba hatua hizo zote zilikuwa mbaya. Zilifungua vyuo kwa maelfu ambao zamani wangeachwa nje, na mimi huenda ni mmoja wao. Lakini hakuna aliyekaa chini kupima ni nini hasa kilichoondoka pamoja na chakula cha bure. Wahasibu walihesabu magunia ya mchele. Meza hawakuihesabu, kwa sababu katika vitabu vyao meza ilikuwa fanicha tu.

Nilipoingia chuoni nilikuta bwalo kubwa lenye viti vichache vilivyokaliwa. Mlangoni palibandikwa orodha ya bei, na kila kitu kilikuwa na bei yake: ugali peke yake, mboga peke yake, supu peke yake, hata kijiko cha pili cha sukari. Mwanafunzi alisimama mbele ya orodha hiyo akifanya hesabu za kujumlisha na kutoa, na wengi baada ya kutoa waligeuka na kurudi bwenini. Huko ndiko tulikojifunza kupika kwa koili. Kwa msomaji ambaye hakubahatika, koili ni waya wa umeme uliozungushwa juu ya kipande cha udongo. Ukikichomeka ukutani kinakuwa chekundu kama jicho la fisi, nacho kinaweza kupika githeri kwa saa nne au kuunguza bweni kwa dakika kumi. Kilipigwa marufuku, na kila mtu alikuwa nacho. Mlinzi wa bweni alipopita kufanya ukaguzi, koili za ghorofa nzima ziliingia kabatini zikiwa bado moto, na harufu ya nguo zinazochomeka ikawa ushahidi ambao hakuna aliyeuona. Jioni, saa moja, sote tulipochomeka kwa pamoja, stima ilizimika jengo zima, na kelele iliyopanda gizani ilisikika hadi barabarani.

Tulicheka sana juu ya koili katika karamu ile. Hata hivyo, nataka msomaji anisaidie kutazama ni nani aliyekuwa akila kwenye sufuria hiyo. Chakula cha koili hakitoshi watu zaidi ya watatu au wanne. Watu hao hupatikana kwa kuchaguana, kwa kuwa lazima waaminiane: mmoja ananunua unga, mwingine mafuta, mwingine anaficha koili. Nasi tulichaguana vipi? Tulichagua tuliowajua tayari. Mtu wa kijijini, mtu wa shule moja ya upili, mtu wa lugha moja. Chumba changu kilikula kwa lugha moja kwa miaka minne, na cha jirani kilikula kwa lugha nyingine, nasi tulikutana na majirani hao bafuni tu. Foleni ya mzee ilimketisha na mtu wa Siyu bila kumtaka radhi. Koili yangu iliniketisha na binamu yangu.

Je, ni ajabu basi kwamba siasa za wanafunzi katika vyuo vingi zilianza kuendeshwa kwa miungano ya makabila? Sitaki kubebesha koili dhambi zote za taifa. Ukabila ulikuwapo hata kabla ya umeme. Mwaka 2012 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilichunguza makabila ya wafanyakazi wa vyuo vikuu vya umma na ikatoa lawama kali, na wafanyakazi hao wengi wao walikuwa wamekula bure katika siku njema za mzee. Kwa hiyo meza ya pamoja haikuwatakasa. Ninachosema ni kwamba iliwalazimisha angalau kuzoea nyuso za wengine wakiwa vijana, na kulazimishwa huko hakupo tena.

Jambo la pili ambalo bwalo lilitupa ni lugha, na hapa naomba nivumiliwe kwa kuwa ndipo shambani pangu. Lugha rasmi ya vyuo vyetu ni Kiingereza. Kiingereza ndicho kilichotawala ukumbi wa mihadhara, mitihani na barua za kufukuzwa. Lakini pale dirishani pa kupokelea chakula, palipokuwa na mpishi mwenye mwiko mkubwa, palikuwa na serikali nyingine. Hapo shahada haikusaidia. Ukitaka kuongezewa ilikubidi uamkie, ubembeleze, useme "mama, niongezee kidogo tu, Mungu akubariki," na ukisema kwa Kiingereza ulitazamwa na kupewa kipimo chako kamili bila nyongeza. Wasomi wengi wa nchi hii walijifunza adabu ya Kiswahili kwa mpishi, si kwa mwalimu. Sasa mwanafunzi hulipa kwa simu, hupewa risiti, huchukua sahani na kuondoka, bila pande mbili kubadilishana neno.

Na tukiwa kwenye maneno, tulitazame moja ambalo wanafunzi wa Kenya wameipa lugha yetu: kamukunji. Uwanja wa Kamukunji uko Nairobi, mashariki ya jiji, nao umejulikana kwa mikutano ya hadhara. Ndipo palipokusudiwa kufanyika mkutano wa kudai vyama vingi tarehe 7 Julai 1990. Vyuoni jina hili la mahali liliacha kuwa jina la pekee likawa nomino ya kawaida, likaingia katika ngeli ya I-ZI bila kuombewa kibali na baraza lolote la lugha: kamukunji imeitishwa, kamukunji zimepigwa marufuku. Mwanafunzi anaposema "kuna kamukunji saa mbili usiku" hana maana ya uwanja. Ana maana kwamba makomredi watakusanyika mahali fulani, mmoja atapanda juu ya kitu, na jambo litasemwa.

Mahali penyewe palikuwa wapi? Mara nyingi palikuwa nje ya bwalo, kwa sababu rahisi kwamba saa ya chakula cha jioni ndipo watu wote walipokuwapo. Mzee alikumbuka jinsi habari za kuuawa kwa J. M. Kariuki, Machi 1975, zilivyowafikia ndugu zake waliokuwa bado chuoni wakiwa mezani, na jinsi vijiko vilivyowekwa chini. Wakuu wa serikali walielewa vizuri nguvu ya kukusanyika. Februari 1985 wanafunzi wa Nairobi walipokusanyika uwanjani kwa maombi polisi waliwavamia kwa marungu. Na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 chuo hicho kilikuwa kimefungwa kwa muda mrefu, na vijana wakatawanywa vijijini kwao. Mzee mwenyewe hakuipamba hadithi. Alisema kwamba katika miaka ya hofu kila meza ilikuwa na sikio moja lisilokuwa la mwanafunzi, na mtu alitafuna huku akipima maneno. Aidha, aliongeza kwa cheko, migomo mingi iliyoandikwa baadaye kuwa ya ukombozi ilianzia kwenye maharagwe yenye wadudu.

Nayajua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba meza ile ya 1971 iligharimiwa na mkulima wa kahawa na mvuvi wa Mbita ambao watoto wao hawakuwahi kuikalia. Ni kweli. Wanafunzi walikuwa wachache, wanawake miongoni mwao wachache zaidi, na mlo wao ulitoka kwenye kodi ya maskini. Sidai turudi huko, wala hatuwezi. Jibu la pili ni zito zaidi, na lilinipa kazi ya kufikiri. Vijana wa leo, nitaambiwa, hawahitaji bwalo ili wakusanyike. Juni 2024, walipopinga Mswada wa Fedha, walikutana kwa simu, maelfu kwa maelfu, wakasikilizana usiku kucha kwenye mitandao, na wakatangaza kwamba hawana kabila wala kiongozi. Hawakuketishwa pamoja na foleni yoyote, na bado walifanya lile ambalo sisi tuliopikia vyumbani hatukuthubutu hata kuliota.

Hapo hoja yangu inatikisika, nami sioni haya kukiri. Kamukunji imehamia kwenye simu na ikapata watu wengi kuliko bwalo lolote. Lakini liko jambo moja ambalo simu haifanyi, nalo nililijua kwa aibu.

Muhula uliopita nilikuwa na darasa la saa mbili asubuhi. Msichana mmoja aliyeketi safu ya pili alilala kwenye dawati kwa wiki mbili mfululizo. Wiki ya pili nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia maneno ambayo mwalimu huyaona ya busara anapoyatamka. Hakujibu. Baada ya darasa mwenzake mmoja alinifuata ofisini akaniambia kwamba yule hajala tangu jana mchana, na kwamba wiki hiyo na ile iliyotangulia alikuwa akiishi kwa strungi na mkate wa kukopa kwa kuwa fedha zake za matumizi hazijafika. Nilimwuliza huyo mwenzake ni lini alipojua. Akasema, "Jana usiku, Daktari. Tunakaa hosteli moja lakini milango hufungwa." Msichana yule ana simu. Yumo katika makundi ya darasa, ya hosteli, ya kanisa na ya kijiji chake. Mamia ya watu walimsalimu kila siku, na hakuna aliyejua kwamba ana njaa, kwani njaa haionekani kwa ujumbe ulioandikwa.

Nikakumbuka neno alilonitajia mzee karibu na mwisho wa karamu, ambalo wakati ule nililipita. Alisema, "Mtu asipokuja mezani siku mbili, tulijua. Tulikwenda chumbani kwake kugonga." Wakati mwingine walimkuta mgonjwa, wakati mwingine amepata habari za msiba, na mara moja walimkuta kijana amefunga virago vyake tayari kuondoka chuoni kwa kukata tamaa, wakakaa naye hadi asubuhi. Kijana huyo, kwa mujibu wa mzee, alihitimu na akawa daktari wa mifugo.

Basi nimejiuliza leo mwanafunzi hukosekana wapi. Anayeishi katika chumba cha kupanga nje ya chuo, anayenunua chakula kibandani na kukila akitembea, anayesikiliza mihadhara mingine kwa mtandao tangu mtindo huo ulipoingia kwa sababu ya Korona mwaka 2020, hana mahali ambapo nafasi yake ikiwa tupu itaonekana. Sheria ya vyuo vikuu iliyorekebishwa mwaka 2016 iliweka utaratibu wa wanafunzi kuwachagua wajumbe, kisha wajumbe wakawachagua viongozi, hivyo hata mgombea hakuhitaji tena kuzunguka kila kona akitafuta watu. Na sisi walimu? Mimi hula chakula cha mchana ofisini, kutoka kwenye bakuli la plastiki nililotoka nalo nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Mbele ya idara yetu palikuwa na mijakaranda mitatu na mabenchi ya saruji ambapo wanafunzi waliketi wakibishana kuanzia saa nne hadi jua lilipozama. Mabenchi yaling'olewa ili pawe mahali pa kuegesha magari ya wahadhiri. Sikupinga. Gari langu huliegesha chini ya mjakaranda wa kati, na maua yake hunisumbua kuyafuta kwenye kioo.

Ninalopendekeza si jambo kubwa. Sahani moja kwa siku, saa moja maalumu ya mchana, ya namna moja kwa wote, kwa bei ambayo hata asiyepata mkopo wake ataimudu, na tofauti ya gharama ilipwe na sisi wahitimu tunaolia kwa kumbukumbu za ugali. Iwe githeri au ndengu na chapati, si kitu. Watu wakae kwa kufuatana na foleni. Wahadhiri nao wapange foleni, mimi nikiwa wa kwanza. Na nje ya mlango pawe na mabenchi na kivuli, pasipo tangazo la kukataza watu kusimama. Wapo watakaosema kwamba chuo si nyumba ya kulelea watoto na kwamba mtu mzima ajilishe. Nao ndio niliowaona usiku ule wakipangusa machozi kwa sababu ya mama mpishi aliyewaongezea mchuzi.

Kiswahili kina utani wake. Mahali pa kula twapaita pa kulia, na anayetoa machozi naye twasema yuko katika kulia. Usiku wa karamu niliyaona yote mawili kwenye meza moja, meza ya kukodi yenye kitambaa cheupe, ambapo sahani moja iligharimu pesa ambazo zingemlisha msichana wa safu ya pili kwa muda wa kutosha kufika mwisho wa muhula.

Fomu yangu ya ahadi niliirudisha wiki iliyopita. Kiasi nilichoandika ni cha mshahara wa mwalimu, hakitaleta jina langu kwenye kibao cha shaba. Penye nafasi iliyoandikwa "Kusudi la mchango" nilikata maneno "Lango Kuu" kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake: sufuria mbili kubwa, miiko, na mabenchi sita. Katibu wa kamati alinipigia simu jana. Aliniuliza kwa heshima nyingi kama nilikuwa nikifanya mzaha. Nilimwambia kwamba mabenchi yakikosa mahali pa kuwekwa, ipo nafasi moja chini ya mjakaranda wa kati, na kwamba nitahamisha gari.